Mkono Usio na Jina

Kwa miaka mitatu Ragnhild Tveiten, mtafiti wa kike wa mji wa Bergen, alikusanya picha 612 za magazeti zilizoonyesha wanawake bila kuwataja majina. Jumatatu alimkabidhi Kvamme, mhariri wa gazeti, ripoti yake, wakapigwa picha. Jumanne gazeti lilimwonyesha Kvamme akitabasamu, "akipokea utafiti kuhusu wanawake". Ragnhild alionekana mkono tu.

Akampigia Kvamme simu.

"Ah, dada, usinune! Picha ilikuwa pana, tukapunguza pembeni kidogo."

"Hapo pembeni nilikuwa mimi, Kvamme! Na jina langu je, nalo lilikuwa pana?"

"Basi, siku moja tutakutaja."

"Mtanitaja kesho, ukurasa uleule. Ripoti nimeshairekebisha."

Humo alikuwa ameongeza mstari: picha ya 613, mwanamke asiyetajwa, mkono mmoja.