Kina cha Bwawa la Dada

Samaki wa dada yangu walikufa wote siku moja. Nilipofika asubuhi walikuwa wanaelea matumbo juu, naye amesimama ukingoni, maji magotini, akiwachota kwa beseni.

"Profesa umekuja," alisema bila kugeuka. Ndilo jina alilonibandika tangu nianze kazi ya kuandika programu.

Bwawa lile alilichimba na marehemu shemeji kwa majembe yao. Shemeji alipofariki, watu walimshauri alifukie, akakataa katakata. Wiki iliyopita samaki waliota ukungu kwenye mapezi, akaniomba nimsaidie kukadiria dawa. Nikamwandikia fanksheni, yaani kijiprogramu, kwa lugha ya Python, mistari kumi na miwili tu, nikamwekea kwenye simu: unaingiza urefu, upana na kina, inazidisha, inakupa gramu. Alicheka sana. "Mbona haina hata salamu? Inahoji tu kama polisi!"

Sasa hakucheka. "Nimewaua samaki wa mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe. Sijui nilikosea wapi."

Nilimwomba anionyeshe alivyopima. Urefu na upana alitumia utepe: mita ishirini kwa kumi. Kina alipima kwa ufito wa shemeji, wenye alama za futi. Ufito ulisoma nne, akaingiza nne. Fanksheni yangu ikachukua mita nne, kwa kuwa mimi sikuwahi kuiambia kwamba duniani kuna futi. Maji ya mita moja na ushei yakatiwa dawa ya mita nne. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ilikuwa yake, mdudu mimi.

Ningeweza kunyamaza. Alikwishajitwika kosa, na kusema kweli nilitamani libaki huko huko kichwani pake. Nilijichukia kwa tamaa hiyo.

"Dada, hukukosea. Programu ilipaswa kukuuliza: nne nini, mita au futi? Mimi ndiye sikuiandika hivyo."

Aliweka beseni chini. "Na zile za kazini kwenu, huwa zinauliza?"

"Zinauliza. Ukitaja futi, zinageuza zenyewe kuwa mita. Ukiingiza namba tupu, zinagoma."

"Nani aliziandika?"

"Mimi."

"Sasa hii yangu ilikuwaje?"

"Niliilipua, dada. Niliona ni ya nyumbani tu. Niliiandika huku nakunywa chai."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga, ningepata pa kujificha. Aliokota beseni lake na kuendelea kuchota.

Nilivua viatu, nikakunja suruali niingie kumsaidia.

"Acha," alisema. "Utachelewa kazini."