Mashavu ya Bonge

Nilipotoka darasa la jioni nilimkuta mama mkwe sebuleni, amempakata mwanangu, anamringia jirani.

"Mtazame Bonge wangu! Mashavu hayo, mpaka macho yanatafuta pa kutokea!"

Jirani alipoondoka nikauliza, "Mama, dawa amekunywa?"

"Dawa ya nini tena? Mtoto amenona, amepona. Leo nimempumzisha."

Mwanangu ana kifafa cha watoto wachanga. Kila alipoamka alijikunja ghafla, mikono juu, tena na tena, kama anayeshtuliwa na mtu tusiyemwona. Dawa za kawaida zilishindwa. Akaacha hata kututazama usoni. Ndipo daktari akampa vidonge vya homoni, na mishtuko ikakoma. Ikaja njaa, ukaja uvimbe, na kilio juu yake.

Nikampigia daktari pale pale. "Mpe sasa hivi," akasema. "Akitapika au akilegea, mleteni."

"Mama," nikasema huku nikisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, "mashavu haya ni ya dawa. Mwili wake umezoea kuletewa homoni, umeacha kutengeneza yake. Tukiikata ghafla ataishiwa nguvu, na mishtuko inaweza kurudi. Itapunguzwa kidogo kidogo, daktari akisema."

"Yaani mtaa mzima nimewaringia uvimbe?"

"Lakini uvimbe mzuri, mama."

Akanisonya, kisha akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Haya, lete hicho kijiko. Wewe anakutemea, mimi ananimezea."

Na kweli, akameza. Muda si mrefu akapitiwa na usingizi. Tukakaa pembeni mwa kitanda, hakuna aliyetaka kuinuka, maana hatari yetu ilikuwa kwenye kuamka. Niliiamini dawa ile. Hata hivyo nilimtazama bila kupepesa.

Akajigeuza. Mikono ikapanda juu. Mama mkwe akanifinya mkono mpaka nikauma meno.

Mikono ikajinyoosha taratibu, uvivu mtupu. Bonge akapiga mwayo, akamkazia macho bibi yake usoni, akaangua kilio cha njaa.

"Huyo analia!" mama mkwe akasema, kama aliyetangaziwa harusi. "Kapashe maziwa, mwanangu. Na asubuhi usimguse mtu na kijiko chako. Dawa nampa mimi."