Mguu wa Kiriaini

Daktari Khavere aliujua ule mguu kuliko uso wa mwenye mguu. Ulikuwa mguu wa kushoto, mpana, wenye magaga kisiginoni, na chini ya kidole gumba palikuwa na doa jeusi kama punje ya haragwe, kingo zake zimetapakaa ovyo. Mwezi wa nne alikata kipande cha doa hilo akakipeleka maabara. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu: melanoma, saratani ya ngozi yenye haraka zake, ila hii ilikuwa bado changa, bado juu juu, ya kukatwa na kuisha. Sasa ulikuwa mwezi wa nane na mwenye mguu hajulikani aliko.

Faili ilisema Kingori Mutahi, mkulima, Kiriaini. Simu yake haikupatikana hata siku moja. Khavere aliipiga asubuhi kabla ya wagonjwa, akaipiga mchana chai ikipoa mbele yake, akaipiga Jumapili akitoka kanisani. Wauguzi walimtania kwamba mume akipigiwa simu hivyo huhama nyumba. Hakucheka.

Ilikuwa miaka kumi na mmoja tangu atoke Vihiga kuja kufanya kazi Nyeri, na muda huo wote alikuwa akiweka daftari la watu wenye ugonjwa huu. Walikuwa wamefika thelathini na wanne, wengi wao nyayoni, na karibu wote walikuja wamechelewa. Watu wameambiwa saratani ya ngozi ni ya wazungu. Doa jeusi la unyayoni huku kwetu milimani lina jina moja tu, funza, na funza ni aibu ya maskini na mchafu. Basi mtu hulichokoa kwa pini, akalifunika kwa soksi na gambuti, asimwambie hata mkewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kuumbuka kwenyewe Khavere alikuwa amekuona mara nyingi mno. Huyu ndiye pekee aliyekuja mapema, na alikuwa anamponyoka.

Hatimaye mhudumu mmoja wa afya alimjulisha kwamba Kingori Mutahi alihama Kiriaini zamani, siku hizi ni fundi wa mawe Skuta. Skuta, pua na mdomo na kliniki yake! Alikwenda siku hiyo hiyo, hata koti la kazi hakuvua. Akamkuta kijana wa miaka thelathini hivi, amejaa saruji mpaka nyusi. Yule mgonjwa aliyemkata kipande cha doa alikuwa na mvi.

Kingori aliposikia kwamba kuna mtu ametibiwa kwa jina lake, alidai kujua jina lake limeugua nini. Khavere akamweleza, kwa kuwa hakujua tena siri ile ni ya nani. Kisha akamsimulia alichokikumbuka: mzee mwenyewe, hata akidungwa sindano ya ganzi, alikuwa akimkaripia kwa vumbi la kliniki, ati sakafu inyunyiziwe maji kila asubuhi.

Kingori aliweka mwiko chini, akacheka bila furaha. Huyo, alisema, ni Muchiri.

Mzee Muchiri alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kupiga vita funza kule Kiriaini. Kila Jumamosi, kwenye kituo cha kupokelea majani ya chai, aliwaosha watu miguu kwa maji ya dawa na kuwahubiria usafi. Kingori akiwa darasa la tano aliwahi kuoshwa naye mbele ya shule nzima, mguu umeinuliwa juu ili wenzake wajifunze. Mzee alipohitaji jina la mtu anayeweza kuwa na funza, lake ndilo lililomjia kwanza. Kingori aliyasema hayo akitazama kando, na Khavere akaona uchungu wake bado mbichi. Hakumwomba afuatane naye Kiriaini. Jumamosi alimkuta langoni pa kliniki, amevaa shati safi, akimsubiri.

Walipoegesha gari kituoni, mabeseni ya maji ya zambarau yalikuwa yamepangwa, na watu wamesimama foleni. Muchiri alivaa glavu na gambuti mpya, akichechemea kidogo. Khavere alimvuta nyuma ya kibanda, akamwambia kwa sauti ya chini kila kitu: ugonjwa, kisu, na miezi iliyokwisha kupotea.

"Mimi sijawai fika kwa kliniki yako, daktari," Muchiri alisema, macho yake kwenye foleni. "Umenifananisha."

Akarudi kwenye mabeseni yake. Khavere alibaki pale. Kumtaja mbele za watu ni kuvunja kiapo, na kunyamaza ni kumchimbia kaburi. Aliogopa, na hasira ilimpanda pia, kwa maana hakuna kinachoudhi kama mtu anayekufa kwa kiburi.

Ndipo Kingori alipoiruka foleni, akaketi kwenye kiti, akavua viatu.

"Huyu daktari ametoka Nyeri kunitafuta mimi," aliwaambia watu. "Niko na ugonjwa kwa mguu. Si funza. Ni cancer, na lazima ikatwe."

Akina mama walishika midomo. Muchiri, aliyekwisha kuinama, aliushika ule mguu uliotakata na asiweze kuuosha wala kuuachilia. Kingori akamwinamia.

"Jina yangu kaa nayo, mzee, sina maneno," alisema polepole. "Lakini wakinikata mimi, wewe hutapona."

Muchiri aliuachilia mguu wa kijana, akaketi chini pale pale kwenye tope la zambarau, akaanza kuvuta gambuti ya kushoto. Ilikataa, kwa vile ndani alikuwa amejifunga vitambaa. Khavere alipiga magoti, akaishika kwa mikono miwili, ikatoka pamoja na vitambaa vyake. Watu wote waliona. Hakuna aliyecheka, na mzee alilia bila kujificha uso.

Doa lilikuwa limevuka mpaka ubavu wa gumba.

"Utakata mpaka wapi?" mzee aliuliza.

Khavere alimchorea kwa kidole mahali lilipokuwa doa la kwanza, kuzunguka gumba na kipande kidogo cha unyayo. Mzee aliufuata mstari huo kwa kidole chake.

"Hapo tu?" alisema. "Mimi nilidhani ni mguu yote."

"Mwezi wa nne ilikuwa hapo tu," Khavere alisema. "Leo sijui, mzee. Ingia kwa gari."