Siku Syokau Alipotaja Jina Langu

Marehemu mke wangu Syokau aliniita Fulani. "Fulani, chai inapoa." "Fulani, mbuzi wameingia kwa kunde." Kwetu Ukambani mke wa heshima hakumtaja bwana yake kwa jina. Wenzake walisema baba Mutunga, baba Mbula, yakaisha. Sisi Mungu hakutupa mtoto, basi nikabaki Fulani. Nilizoea, hata nikiitwa Kivuva kazini nilikuwa nachelewa kuitika.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa. Mimi nilikuwa Kibwezi nikikata mkonge. Nyumbani Syokau alibaki na mama yangu, mzee aliyekuwa ameisha, mifupa tu. Serikali ikaleta mahindi ya manjano sokoni Kanyangi, ikampa naibu wa chifu ayagawe. Fisi akapewa bucha achunge!

Jirani yetu Nthenya alikuwa nyuma ya Syokau kwa laini. Ndiye alinihadithia.

"Bwana yako ni nani?" naibu akauliza.

"Ni Fulani."

Watu wakacheka. Syokau akamgeukia Nthenya, maana ndivyo ilivyofanywa, jirani anakutajia. Nthenya akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," naibu akamkatiza, "si wewe uliyeolewa naye! Mama, Fulani hali mahindi ya serikali. Sema mwenyewe ama utoke kwa laini."

Na naibu mwenyewe Mkamba kama sisi. Mama yake mzazi asingeweza kumtaja bwana yake. Alijua anachofanya, wakubwa wakishiba hutafuta kichekesho.

"Mama mkwe wangu hajakula tangu juzi," Syokau akasema.

"Basi sema."

Akajifunika uso na leso. "Kivuva."

"Sauti!"

"Kivuva!"

Waliokuwa wakicheka wakatazama chini.

Alirudi na mahindi, mama akala uji, akaishi kuona mvua. Niliporudi kutoka Kibwezi nilimbembeleza sana Syokau anitaje jina. "Mara moja tu, mama. Hapa jikoni, ni mimi na wewe na kuku."

Akanirushia gunzi, anacheka mpaka machozi. "Toka hapa, Fulani, unaniharibia moto!"

Hakusema siku hiyo, na hakusema mpaka tukamzika.

Yule naibu walimpandisha cheo, sasa ni chifu kamili na tumbo lake. Tukikutana ananinyooshea mkono, nami naangalia masikio yake. Yalimsikia Syokau akiniita. Yangu hayakusikia.