Baba Mkubwa na Baba Mdogo Ndani ya Friza

Vita vilianza kwa sababu ya mguu wa mbuzi.

Mguu wenyewe ulikuwa wa mzee wa nyumba ninayofanya kazi hapa Kilimani. Mimi humwita Baba Ndegwa, kwa jina la kijana wao mkubwa aliye shule ya bodingi, lakini hapa nitaandika Mungai ili tusipotezane. Mungai akienda kwao hurudi na nyama, na friza yetu ni ndogo, ukiweka mguu wa mbuzi imejaa. Mkewe, Wangui, alichoka kufungua akitafuta barafu na kukutana na goti.

Jumapili moja tukitoka kanisani alisema ameona kwa simu vile watu hutengeneza sandwichi za wiki mbili mara moja. Unazigandisha, asubuhi kila mtu anabeba yake, na saa ya chakula ikifika imeyeyuka yenyewe. Alisema hataki tena kukaanga mayai huku basi la shule linampigia honi. Mungai akasema mkate wa barafu ni chakula cha wanyama wa huko kwenye theluji. Wakabishana mpaka chai ikapoa, kisha wakakubaliana hivi: kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa kila mtu ale sandwichi yake. Mmoja akirudisha yake, au akikosa, friza ni ya mbuzi na Wangui asiseme kitu tena. Wote wakila, friza ni ya sandwichi, na mbuzi atafute nyumba. Hakimu akawa Nyokabi, msichana wao wa gredi ya sita, kwa sababu hapendelei mtu. Anasumbua wote sawasawa.

Mguu ukapandishwa orofa ya juu kwa jirani yetu Yvonne, ukae kwa friza yake kwa muda. Mungai aliubeba mwenyewe, umefunikwa kwa taulo. Jioni tulisikia viatu vyake kwa ngazi, anaenda kuujulia hali.

Mimi na Wangui tukatandaza mikate mezani. Siagi lazima ifike mpaka kwa pembe, la sivyo mkate unanyonya maji. Nyanya hapana, tango hapana, na yai la kuchemsha likiganda linakuwa raba. Tuliweka kuku na chizi, nyama ya kusaga, njugu ya kusaga na jemu. Mimi nafunga kwa foili, yeye anaandika jina juu kwa kalamu nene. Hapo ndipo mambo yaliharibika na hakuna aliyeshtuka.

Kitinda mimba wao anaitwa Muigai, yuko chekechea, PP2. Amepewa jina la babake Wangui, kwa hivyo Wangui hamwiti Muigai, anamwita Baba. Wakikuyu ndivyo wanafanya. Mtoto akibeba jina la mzee anabeba na heshima yake, hata kama bado anapanguzwa kamasi. Mungai naye anaitwa Baba na mkewe na watoto kwa sababu ndiye baba. Mimi nilishazoea: Baba ikiitwa kwa upole ni mtoto, ikiitwa kwa ukali ni mzee. Lakini foili haina sauti.

Wangui aliandika Baba kwa zile za jemu, akaandika Baba kwa zile za nyama na pilipili. Za mtoto akaziongezea maneno kidogo kwa upande wa chini.

Jumatatu ilipita kwa bahati tu. Jumanne jioni Mungai aliingia bila kusalimia, akakaa na koti. Tulimvuta maneno polepole. Anafanya kazi ofisi ya bima huko mjini, na asubuhi yote alikuwa amewasifia wenzake ile nyama ya pilipili aliyobeba. Saa ya chakula akaweka foili mezani. Mkubwa wake, Lenox, akaichukua na kuisomea ofisi nzima: "Baba, kula yote. Usilie. Ukitaka choo mwambie mwalimu."

Tangu hapo, kila alipoinuka kwa kiti, Lenox alimuuliza kama amemwambia mwalimu.

Mtoto naye alikuwa amepata ile ya pilipili. Alitueleza kwamba chakula kilimuuma, lakini alikuwa amewaambia wenzake ni cha wanaume, kwa hivyo akakimaliza huku machozi yanateremka, na mwalimu akampa maziwa yake. Mungai akasema basi mambo yameisha, mbuzi arudi. Nyokabi akafikiria akitafuna nywele. Akasema kila mtu alikula sandwichi iliyoandikwa Baba, na kila mtu alikuwa Baba, kwa hivyo hakuna kosa. Mungai akapanda juu kwa Yvonne.

Wangui akachukua kalamu, akarekebisha. Kwa za jemu akaongeza "mdogo", kwa za nyama akaongeza "mkubwa". Mungai alipozisoma akasema sasa amefanywa amu wa watoto wake mwenyewe. Nilicheka nikiwa nimeinamia sinki, nikaacha maji yapige kelele.

Jumatano jioni akaja Guka, yule babake Wangui mwenye jina, kutoka Uthiru. Alikuwa anawekewa meno mapya kliniki na angekaa nasi siku mbili. Ni mzee wa utani. Mimi naitwa Syokimau, kama kile kituo cha treni, na kila nikimpelekea chai huniuliza kama treni imechelewa.

Alhamisi wote walikwenda na foili zao sawasawa. Nikapanda juu kuanika nguo. Niliporudi nilisikia mtu anagonga jikoni, ko, ko, ko. Guka alikuwa mezani na mchi wa kinu, anapiga sandwichi. Meno mapya alikuwa ameyapumzisha ndani ya kikombe, anasema hawezi kuyaanzisha kazi na jiwe. Mbele yake kulikuwa na foili tupu ya ile aliyomaliza, na zilizobaki zote za aina hiyo alikuwa amezifunga ndani ya sweta lake. Alitaka wazee wenzake wa Uthiru waone, wale wanaosema binti zao wa Kilimani hutuma krediti ya simu peke yake.

Nikamwambia kwa heshima, Guka, hizo zina mwenyewe. Akanisogezea foili nisome: Baba mkubwa.

"Hii nyumba iko na Baba watatu," akasema. "Wewe niambie, mkubwa ni nani?"

Nilimpigia Wangui simu. Akasema nisiziguse, ni babake.

Jioni Mungai alifungua friza aone ya kesho. Hakuna hata moja ya Baba mkubwa. Alifunga mlango taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kisha nikamsikia anaimba wimbo wa kanisa sebuleni. Kesho mtu angekosa sandwichi, na mtu huyo alikuwa yeye.

Tulipokaa kula, Nyokabi akauliza kama kuna mwenye shida ya chakula aseme. Mungai akajipanguza mdomo tayari. Wangui hakuinua macho kutoka kwa sahani.

"Sema, Baba Ndegwa," akamwambia kwa sauti laini sana. "Nani amekula chakula chako?"

Sasa, mbele ya mkwe wake Mungai ni mtu mwingine. Hawezi kunyoosha miguu, hawezi kuongeza nyama bila kuambiwa, hata mpira anautazama bila sauti. Guka akaacha kijiko hewani.

"Kwani kuna mtu amekosa chakula kwa sababu yangu?"

Mungai alitazama friza, akatazama juu kwa dari, huko kwa Yvonne.

"Hapana, Baba," akasema. "Hakuna."

Sasa hata yeye alikuwa amemwita Baba.

Ijumaa alikwenda kazini na sandwichi ya jemu, ya Baba mdogo. Aliila ndani ya lifti, tunavyosikia, mlango ukifunguka anaificha. Nyokabi akatangaza kwamba wote wamekula, friza ni ya mama. Wangui akapika chapati kwa furaha.

Jumamosi Guka, aliyekuwa ameondoka jana yake na sweta lake la sandwichi, akarudi kwetu. Alisema mtoto akikulisha na wewe unamlisha, na wazee wa Uthiru wameziona sandwichi kwa macho yao wakanyamaza. Akashusha gunia mlangoni. Ilikuwa nusu ya mbuzi.

Wangui hakuweza kukataa. Huyo ni babake. Mungai alikuwa ameshashika mlango wa friza, ameufungua wazi, mtu wa heshima kabisa. Sandwichi zikatolewa, zikapelekwa kwa Yvonne kukaa na ule mguu wa kwanza.

Wangui akanipa kalamu niandike mifuko. Nikamuuliza niandike nini. Aliangalia babake, akaangalia mumewe, akaangalia mtoto.

"Andika Mbuzi."

Nikaandika. Muigai mdogo akauliza nani anaitwa Mbuzi. Sisi wote tukaangalia chini, isipokuwa Guka, aliyekuwa anamtazama mkwe wake na kutabasamu kwa meno yote mapya.