Kivuli cha Zam Chapata Kazi

Jumatatu asubuhi, nyumbani kwao Lurujo, Zam alimwogesha baba yake, akamlaza ubavu wa kushoto, akakoroga uji, kisha akakiacha kivuli chake kando ya kitanda na kupanda gari la kwenda Arua. Baba huyo, mzee Yasiri, aliyekuwa askari, alikuwa amepooza nusu ya mwili, na hakukuwa na mwingine wa kumgeuza.

Kivuli kilimhudumia vizuri. Saa sita tu ndipo kilipokuwa kifupi mno, kikashindwa kulifikia kopo la sukari. Mzee akanywa uji hivyo hivyo, akigomba kama kawaida.

Arua kulikuwa na ofisi mpya ya kuwasaidia kwa fedha wale wanaouguza ndugu zao bila malipo. Kwa msaada huo Zam angemlipa jirani akae na mzee, naye arudi kwenye meza yake ya kuuzia simsim, yaani ufuta, sokoni Koboko. Asiporudi kufikia Ijumaa, meza ingepewa mtu mwingine.

Afisa, bwana Paulino, alikuwa mpole. Alitazama sakafu.

“Mama, kivuli yako iko wapi?”

“Iko nyumbani, bwana. Inageuza mzee.”

“Kumbe mwenye kuuguza ni kivuli! Wewe unaomba ya nini? Ilete yenyewe.”

“Ikikuja, mimi nabaki na mzee?”

“Ndiyo. Lakini hapo utakuwa unakaa tu.”

Zam aliona kwamba ofisi imefikiria kila kitu.

Kesho yake kivuli kilikwenda Arua chini ya lori lililotoka Oraba. Ofisi ilikipenda. Hakikuuliza nauli, hakikulia, hakikuomba hata maji. Wakakiajiri papo hapo, kazi ya kujitolea. Na kwa kuwa nyumba ya Zam sasa ilikuwa na mwajiriwa, haikustahili msaada.

Ijumaa, wakati meza ya simsim ikipata mwenyewe mpya, gari la ofisi lilifika Lurujo kufundisha familia namna ya kuuguza. Kivuli kilipanda ukutani, kikamwonyesha Zam jinsi ya kumgeuza mgonjwa. Majirani walipiga makofi. Paulino alimhimiza Zam ajifunze kwa bidii. Kisha kivuli kikarudi garini, kiti cha mbele.

Mzee Yasiri alilitazama vumbi la gari.

“Ata kivuli imepata kazi,” alisema. “Mshahara ngapi?”

“Kama yangu, baba.”

Mzee alicheka kwa nusu ya mdomo. Kisha akasema ubavu unamuuma, na Zam akamgeuza, safari hii kwa utaratibu wa ofisi.