Njahi Kwenye Kikapu cha Naliaka

Sikwenda Ruiru kumkagua mke wa mwanangu. Nilikwenda kuona mtoto. Lakini Mungu alinipa macho, na sikuyaacha Makongeni.

Mtoto mwenyewe anaitwa Kui. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na Kui ni mimi, ingawa kanisani wananiita Magdalene. Kwa hiyo huyo si mjukuu tu. Ni mimi niliyezaliwa tena, na yeyote anayemlea ananilea mimi. Ndiyo maana nilipoona tabia za mama yake, Naliaka, nilishtuka kwa niaba yetu wawili.

Siku ya kwanza tu nilimwona akimwogesha Kui kwenye karai, kisha badala ya kumwaga yale maji akaloweka nepi ndani yake. Tena nepi za kitambaa, kama zile zetu za zamani, na dukani pale chini pampas zimepangwa hadi darini! Nepi zilipofuliwa, maji yale yale yakatiwa kwenye ndoo ya chooni. Maji ya kuoshea mboga yakapelekwa barazani, kwenye sukuma wiki alizopanda ndani ya mitungi iliyokatwa. Maganda ya viazi aliyatia kwenye ndoo yenye kifuniko, na mama mmoja jirani anayefuga sungura akaja kuyachukua. Jioni nikiinuka sebuleni kwenda chooni, nyuma yangu taa inazimwa. Nikirudi, natafuta kiti kwa kupapasa.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Mwanangu Gachau aliporudi kutoka kazini nilimwita kando.

"Jumapili baada ya kanisa nina neno na wewe."

"Neno gani, Mum? Si useme tu sasa."

"La Jumapili ni la Jumapili."

Neno lenyewe nilikuwa nimeshalipanga. Nilitaka kumwambia kwamba ameoa mkono wa birika, na kwamba huyo msichana abadilike, la sivyo mimi narudi Makongeni na mwezi niliokuja kukaa ufe hapo. Singekaa kutazama jina langu likilelewa kwa ubahili.

Jumatano nikapata ushahidi, au hivyo nilidhani. Nilikuwa natafuta chumvi nikaona kikapu kikubwa pembeni mwa jikoni, kimefunikwa kwa mto, kikafungwa kwa leso. Nikapapasa. Kilikuwa na joto. Nikafungua, na ndani ya mablanketi makuukuu nikakuta sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Damu ilinipanda. Kumbe ananificha chakula!

"Naliaka!"

Alikuja mbio, mtoto begani. Aliponiona nimesimama na mfuniko mkononi akacheka. Akacheka, mimi nikiwa hivyo.

"Mama, hiyo ni kikapu ya kupika. Unachemsha githeri nusu saa kwa gesi, unaifunga, unaachilia. Inaiva yenyewe na hilo joto yake. Lakini usifungue tena, eh? Ukifungua joto inatoka, basi kazi imeharibika."

"Nimepika miaka arobaini," nikamwambia. "Sijawahi kuona chakula kinachojipika."

Akairudisha kwa gesi dakika chache, akaifunga tena bila kunilaumu. Jioni ile githeri ilikuwa laini, na alinijazia sahani mpaka nikamwomba aache. Nilikula nikajiambia imebahatika. Mtu akishaamua jambo, hata sahani iliyojaa haimwambii kitu.

Jumamosi walikuwa wanakuja kumwona mtoto akina mama sita wa kanisa letu, wakiongozwa na Mama Ndegwa. Huyu Mama Ndegwa nimeimba naye kwaya miaka ishirini. Ni rafiki yangu, na hakuna mtu ninayeogopa kuaibika mbele yake kuliko yeye. Nilikuwa nimewaahidi njahi. Njahi, yale maharagwe yetu meusi, ndicho chakula cha mama aliyejifungua, humletea maziwa, na pale Makongeni hakuna anayebisha kuhusu njahi zangu. Naweza kukosea mambo mengine. Si njahi.

Nilizilowesha tangu Ijumaa. Asubuhi Naliaka akaniambia, "Mama, tuzichemshe nusu saa tu, halafu tuweke kwa kikapu. Saa nane zitakuwa tayari, na wewe upumzike kidogo. Na nyumba isijae mvuke kwa mtoto."

Nikasema sawa. Ulisema mdomo wangu, moyo haukuwepo. Saa tatu, zilipokwisha kuchemka, Naliaka alizitia kikapuni, akazizungushia blanketi, akaweka mto juu na kufunga leso kwa fundo moja dogo, ncha zikaingizwa chini. Kisha akaenda kumnyonyesha Kui, na wote wawili wakalala.

Nikabaki na kikapu.

Njahi kwangu ni kitu cha kukaa nacho. Unachochea moto, unaonja, unaongeza maji, unakemea watoto. Sasa hizi zilikuwa kimya kabisa. Hazikutokota wala hazikunukia. Saa nne nikafungua kidogo tu, nione. Mvuke ukanipiga usoni, nikaonja moja, ngumu. Nikafunga. Saa tano kasorobo nikafungua tena, maana huenda ile moja ilikuwa kaidi. Zote zilikuwa ngumu. Saa sita nikafungua mara ya tatu, nikakoroga kwa mwiko, na mkono wangu, bila hata kuniuliza, ukachukua kikombe cha maji ya mfereji ukamimina ndani. Ndivyo ninavyofanya siku zote nikiona supu imepungua. Mazoea yana taabu. Nikafunga leso kwa fundo langu, lile la kufungia mzigo wa kuni, mara tatu, nikaketi kusoma kitabu cha nyimbo.

Saa nane akina mama wakafika na unga, sukari na leso mbili mpya. Wakamshika Kui kwa zamu, wakasema ana paji langu, nami nikanenepa pale kitini. Naliaka akaingia jikoni. Kutoka nilipoketi nilimwona akiinama juu ya kikapu. Mikono yake ikasimama kwenye fundo. Akalitazama. Akalifungua polepole, akainua mfuniko, akatazama supu. Kisha akageuka, na macho yetu yakakutana.

Alijua. Na mimi nilijua kwamba anajua.

Badala ya kuzipakua, alizirudisha kwenye gesi na kuleta chai na mkate kwanza. Lakini Mama Ndegwa hangojei chakula, chakula ndicho humngoja. Akaingia jikoni na kijiko, akaonja, akarudi akitafuna kwa shida.

"Haiya! Magdalene, hizi njahi umezipika na nini? Na jua?"

Wote wakacheka. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijalisahau.

"Mimi? Hata sijazigusa," nikasema. "Uliza bibi ya Gachau. Ati anapika kwa kikapu. Bila moto!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mmoja akauliza kama na maji huchemshwa kwa kikapu. Naliaka alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Nilimngoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na mimi nilikuwa nimejiandaa kukana.

"Poleni sana mama zangu," akasema. "Ni mimi sikuzichemsha vizuri. Mnipe nusu saa, mtakula."

Basi. Akamimina chai, kila kikombe kikajaa, changu kikawa cha kwanza. Njahi zilipoiva akaziponda na ndizi mbivu, akawapakulia, akawaongezea. Wakati wa kuondoka alikwenda barazani akachuma sukuma, kila mgeni akapewa fungu lake. Mama Ndegwa akalitia lake kwenye kiondo na kuninong'oneza mlangoni, kwa sauti ambayo hata ghorofa ya chini waliisikia, "Mfundishe huyo msichana mapema, asije akalisha Kui mawe."

Ningesema pale. Ngazi zilikuwa ndefu, na wao hawana haraka, nilikuwa na nafasi ya kusema mara kumi. Nikapunga mkono tu.

Niliporudi, Naliaka alikuwa anaosha vyombo, maji ya kusuuza akiyatia kwenye ndoo yake kama kawaida. Nilisimama nyuma yake. Nilimwonea haya binti ambaye ningeweza kumzaa.

"Mbona hukuwaambia?"

Hakugeuka. "Niwaambie nini, Mama? Hao ni marafiki wako. Utarudi kuishi na wao. Mimi wataniona tena lini? Hiyo aibu, heri ikae na mimi."

"Uliona fundo."

"Niliona fundo." Mabega yake yakaanza kutikisika. "Lakini kuangalia tu, Mama, ningeelewa. Hata mimi mara ya kwanza nilifungua. Sasa maji baridi! Maji baridi kweli?"

Nikacheka mpaka nikaketi kwenye ndoo ya maganda. Kisha nikalia, maana nilikuwa nimeelewa. Bahili hatoi. Huyu alikuwa ametoa jina lake zuri mbele ya wanawake sita, kunifunika mimi niliyemsingizia. Hakuna kitu alichokuwa akininyima katika nyumba ile. Alichokataa ni kutupa tu. Maji hayatupwi yakiwa bado na kazi, ganda halitupwi na sungura wapo, moto hauwashwi bure, na mama mkwe pia, hata akiwa mzee mwenye makosa, hatupwi.

Jumapili baada ya kanisa Gachau akanikumbusha. "Mum, lile neno?"

"Neno ni hili. Kuanzia leo, nepi za jioni unafua wewe, na maji usimwage. Na siku utakayomkosea huyu msichana, usije Makongeni kunitafuta. Sitafungua."

Akanitazama kama nimeugua. Sikumweleza.

Nilimaliza mwezi wangu wote. Siku ya kurudi Naliaka akanipa kikapu changu mwenyewe, ndani amekishonea mto wa vipande vya masweta ya zamani. Wiki hiyo mkutano wa akina mama ulikuwa zamu yangu. Niliamka, nikazichemsha njahi nusu saa, nikazifunga kwa fundo moja dogo, ncha zikaingia chini, nikaenda zangu sokoni ili mikono isinisaliti. Mchana nikafungua mbele yao. Mvuke ukapanda. Mama Ndegwa akaonja, akaonja tena, akauliza nimezikalia saa ngapi motoni.

"Sijazikalia. Nilikuwa sokoni," nikasema. "Hiki ni kile kikapu mlichokicheka Ruiru. Siku ile Naliaka alizipika sawasawa. Ni mimi niliyefungua mara tatu na kutia maji baridi, halafu nikamwachia lawama, na yeye akaibeba."

Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile nilikuwa nimeikalia mwezi mzima, na ilipotoka nilipumua. Mama Ndegwa alikuwa wa kwanza kusema.

"Na akatupa sukuma pia," akasema taratibu. Kisha akasogeza sahani. "Niongeze. Na huo mto, nionyeshe vile umeshonwa."

Kui sasa anatambaa. Naliaka ananiambia kwa simu kwamba mtoto ana kidole cha kufungua kila kitu: sufuria, droo, hata kikapu. Anasema amenifuata mimi. Jina ni langu, na ninalipenda. Lakini kila nikipiga magoti namwomba Mungu huko kunifuata kuishie hapo, mengine yote mtoto ayachukue kwa mama yake.